Magunia Thelathini na Moja ya Kwa Kathoka

Kwa Kathoka ni kijiji cha Ukambani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka soko la Tawa. Huko watu humwita Mbula kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Kiilu. Mgeni akikaa siku mbili tatu huuliza Kiilu yuko wapi, kama anafanya kazi Nairobi ama ameshaoa, na aliyeulizwa huanzisha maneno mengine. Kiilu alikufa mwezi wa tano mwaka wa 2004, akiwa na miaka minne. Jina lilibaki kwa mama kwa sababu ndiyo desturi. Hata bintiye Yvonne alipozaliwa baadaye, Mbula hakutaka libadilishwe.

Mwaka ule Mbula alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mumewe Musyoka alikuwa fundi wa mawe Athi River, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mbula aliishi na mtoto na baba mkwe wake. Mahindi yao yalikuwa yamevunwa mwezi wa pili kabla hayajakauka vizuri, kwa kuogopa wezi, yakarundikwa ndani ya nyumba juu ya sakafu ya udongo. Kufikia mwezi wa nne yalikuwa na unga wa kijani na harufu ya kitu kilichofungiwa. Chakula kingine hakikuwepo. Mbula aliyaosha kwa maji mara tatu, akayaanika jua la mchana mmoja, akayatwanga kwenye kinu kuondoa maganda, akapika muthokoi na kunde. Harufu iliisha. Alipopakua aliwajazia sahani mzee na mtoto, yeye akala yaliyobaki chini ya sufuria. Siku hizo hivyo ndivyo alivyojua kupenda watu wake.

Baada ya wiki mbili macho ya Kiilu yaligeuka manjano. Tumbo likavimba, akawa anatapika hata maji. Walipomfikisha hospitali walikuta wodi imejaa watu wenye macho kama yake, wengine wamelazwa wawili wawili, wengine chini. Daktari aliwaambia ni sumu ya kuvu iliyoingia kwenye mahindi, haiondoki kwa kuosha wala kwa moto. Kiilu alikufa Alhamisi. Baba mkwe alimfuata baada ya siku sita. Msimu huo Ukambani kulizikwa watu zaidi ya mia moja kwa sumu hiyo, wengi wao wakiwa wamekula walichokilima kwa mikono yao wenyewe.

Musyoka alirudi, akamzika mwanawe na babake. Hakumuuliza mkewe hata swali moja. Mbula husema kama angeuliza ingekuwa afadhali.

Kwa miaka mingi hakuzungumza habari hizo. Alilima, akaimba kwaya, akamlea Yvonne. Lakini kuna mambo watu waliyaona. Hakula kwa mtu bila kuangalia nafaka iliyopikwa ilikuwa imewekwa wapi. Mwaka wa 2009 njaa ilipokuja tena, lori la msaada lilifika kwenye kambi ya chifu wakati wazee wawili wa kijiji walikuwa tayari wameshazikwa. Wenye nguvu walisukumana wakapata, wasiojiweza wakakosa. Jumapili iliyofuata Mbula alisimama kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akasema kwamba lori litachelewa kila mara kwa sababu linatoka mbali. Akauliza kwa nini wasiwe na chakula chao, kimewekwa mahali pamoja, kikingoja siku mbaya.

Akina mama kumi na mmoja walikubali. Walimchagua yeye aende Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kujifunza namna ya kuhifadhi nafaka. Alikaa siku tano. Alirudi na mambo machache aliyoyashika kama amri. Nafaka haigusi sakafu wala ukuta. Nafaka isiyokauka haiingii. Na njia ya kujua kama imekauka ilikuwa rahisi mno hata wengine walicheka: unatia punje za mahindi kwenye chupa ya glasi iliyokauka, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji.

Hivyo ndivyo lilivyoanza ikumbi la Kwa Kathoka, maana ghala la nafaka huku huitwa ikumbi. Mwanzo lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa. Baada ya kila mavuno kila nyumba ilileta debe moja la ndengu, mtama, kunde au mahindi, na wakati wa shida kamati iliamua ni nani wa kupewa kwanza: wazee, wajawazito, nyumba zenye watoto wadogo. Chumba kilipojaa, mzee Mwau alitoa kipande cha shamba lake kando ya barabara, chini kidogo ya kilima, akasema wajenge hapo. Hapakuwa na karatasi. Alisimama katikati ya watu, akapiga hatua kuanzia mkonge mmoja hadi mwingine, akasema, "Hapa si pangu tena, ni pa njaa." Musyoka alichukua likizo akajenga kuta za mawe bila malipo. Simiti ilipungua, kwa hiyo sakafu aliiweka sawa na ardhi badala ya kuiinua, akasema ataiinua mwaka ujao. Mwaka ujao ulikuja na mambo yake, na sakafu ikabaki vile.

Mbula alikuwa mgumu mlangoni pa ikumbi. Aliwahi kurudisha debe la mchungaji, mke wa mchungaji akakaa mwezi mzima bila kumsalimia. Alirudisha hata la Nzioka, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mbele ya watu. Mwalimu aliyabeba mahindi yake nyumbani, akayaanika siku tatu, akayaleta tena.

Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 ndio uliowaonyesha watu kazi ya ikumbi. Mvua ilikosa msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto walikunywa uji wa ikumbi shuleni, na shule haikufungwa. Lakini kufikia msimu wa nne ndani mlibaki magunia sita, na manne yalikuwa mbegu. Mwalimu Nzioka alisema mbegu isiyo na mvua ni chakula tu, ipikwe. Mbula aliomba apewe siku tatu.

Alikuwa amesikia kwamba Mwingi, upande wa Kitui, Waislamu wa msikiti mmoja walikuwa na ghala kama lao, na msimamizi wake alikuwa muuza nafaka aitwaye Shee, ambaye babu yake alitoka Lamu. Hakumjua. Alisafiri siku nzima, akamkuta dukani, akamweleza. Shee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkaribisha chakula kwa mkewe Tima kabla ya kumjibu. Waliporudi dukani alimwambia atampa magunia kumi na mawili ya mtama. Mbula akauliza wayarudishe lini.

"Usinirudishie mimi, mama," Shee alisema, kwa Kiswahili chake cha pwani ambacho Mbula alikisikia kama cha redioni. "Mkivuna, mtazame ni nani ana njaa wakati huo, mumpelekee huyo."

Ndivyo walivyofanya. Mvua ilipopatikana kidogo katikati ya 2023 na ndengu kuzaa, magunia manane ya Kwa Kathoka yalipakiwa kwenye lori kwenda Tseikuru, kaskazini ya mbali ya Kitui, ambako mawingu yalipita juu bila kushuka. Mbula aliyasindikiza. Aliona huko wafugaji wakiwalisha mbuzi karatasi za maboksi, na akina mama wakipokea ndengu kwa mikono miwili, wakiuliza Tawa ni wapi.

Mwezi wa tisa mwaka huohuo redio ilianza kuonya kwamba mvua kubwa inakuja, si ya kawaida. Kamati ilijiandaa. Mbegu na nafaka zao zilikuwa zimefungwa kwenye mifuko mizito isiyopitisha hewa, wakazipandisha juu ya rafu. Wasamaria fulani wa Nairobi waliposikia maandalizi hayo waliwaletea magunia thelathini na moja ya mahindi. Mbula aliyapima yote, yalikuwa makavu. Lakini yalikuja katika magunia ya kawaida, mifuko mizito ilikuwa imeisha, na rafu zilikuwa zimejaa. Yaliwekwa juu ya mbao, kiganja kimoja kutoka sakafuni.

Mvua ilianza mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja na haikuacha. Siku ya nane, saa kumi alasiri, maji ya kilima yaliacha mtaro wa barabara yakaja moja kwa moja kwenye ikumbi. Mlango wa nyuma ulivunjika. Watu walipofika walikuta maji ya matope yamefika magotini na magunia ya chini yamelala humo kama ng'ombe waliokufa. Walifanya kazi mpaka giza, wakayatoa yote, wakayapeleka kanisani wakayaweka juu ya mabenchi. Yale ya juu, ambayo maji hayakuyafikia, yalikuwa yamelowa kwa paa lililong'oka upande mmoja. Rafu zilisimama. Magunia tisa ya ndengu na mtama kwenye mifuko mizito yalikuwa makavu kabisa.

Jioni hiyohiyo drifti, kile kivuko cha simiti cha mtoni kwenye njia ya kwenda Tawa, ilichukuliwa na maji. Asubuhi walijua kwamba wamefungiwa. Nyumba sitini na nne zilikuwa upande huu wa mto. Wengi walikuwa wamepoteza hata kile kidogo cha jikoni, na mbegu waliyokuwa wamepanda ilikuwa imebebwa na udongo wake.

Walingoja jua ili wayaanike mahindi. Jua halikutoka. Siku ya tatu Mbula aliingiza mkono katikati ya gunia moja hadi kwenye kiwiko, akakuta ni moto, joto kama la tumbo la mnyama. Siku ya tano harufu ilianza. Aliijua kabla hajafungua mlango wa kanisa. Siku ya sita alifungua magunia yote moja baada ya jingine, akachota punje kutoka kila moja, akazitia kwenye karatasi na kuzifunga. Kisha akamwambia Mwalimu Nzioka aite mkutano.

Kanisa lilijaa. Watu walikaa chini, kwa sababu mabenchi yalikuwa na magunia. Mbula alisema kwa sauti ya chini kwamba mahindi yameharibika na lazima yazikwe, yasiliwe na mtu wala mnyama. Halafu maneno yalianza kutoka kila upande. Mmoja alisema yaoshwe. Mwingine alisema wayakoboe wafanye muthokoi, sumu ikiwepo itatoka na maganda. Mwingine aliuliza kama kuna mtu ambaye amewahi kuona hiyo sumu kwa macho. Mwalimu Nzioka aliwanyamazisha, naye akasimama. Alikuwa na wajukuu saba nyumbani kwake.

"Mama Kiilu," alisema, "sisi njaa tunaijua. Tunaijua sura yake. Hiyo sumu unayosema hatuioni. Wataka tuzike chakula tunachokiona kwa ajili ya kitu tusichokiona, na njia imefungwa. Magunia tisa kwa nyumba sitini na nne. Hesabu hiyo wewe unaiweza?"

Mbula hakukaa chini. Wengi waliokuwa pale walikuwa watoto mwaka wa 2004, na wale wakubwa walijua tu kwamba Kiilu alikufa kwa ule ugonjwa. Hawakujua mengine. Aliwaeleza siku hiyo, miaka kumi na tisa baadaye. Aliwaambia aliyaosha mara tatu. Aliwaambia alianika, akatwanga, akapepeta, na harufu ikaisha kabisa.

"Mimi ndiye niliyepika," alisema. "Na mimi ndiye niliyepakua. Nilimjazia sahani ili ashibe."

Musyoka, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alipita katikati ya watu waliokaa chini akaenda kusimama karibu na mkewe. Mwalimu Nzioka alivua miwani, akaipangusa kwa shati kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna anayepinga. Wapo walioinamisha vichwa, lakini hakuna aliyeinua mkono.

Shimo lilichimbwa mchana huo nyuma ya kanisa. Magunia yalimwagwa moja moja, na baada ya kila gunia Mbula alimimina jivu na samadi juu yake, mtu asije akashawishika kuchota. Akina mama wengine walilia. Mahindi yalikuwa meupe bado, ukiyaangalia kwa mbali. Hapo ndipo mzee Mwau alipomkaribia, akiegemea fimbo, kofia yake mkononi. Alikuwa na miaka themanini na minne, na aliishi na binti yake Mutindi na watoto pacha wa Mutindi. Aliomba gorogoro moja tu, lile kopo la kilo mbili. Alisema yeye ni mzee, sumu haina tena cha kuchukua kwake, atakula yeye peke yake.

Mbula alimwangalia mtu aliyewapa ardhi. Alijua kwamba hajawahi kuomba kitu.

"Siwezi, mzee," alisema. "Nisamehe."

"Basi," Mwau alijibu. "Mlinzi wa ikumbi ni wewe." Akavaa kofia, akaenda zake polepole kwenye matope.

Kuanzia siku hiyo kila nyumba ilipata nusu gorogoro ya mtama au ndengu kila baada ya siku nne. Magunia manne ya ndengu yaliwekwa kando kuwa mbegu, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, ingawa kila siku kuna aliyeuliza. Watu walichemsha majani ya kunde, walikula mapapai mabichi. Watoto walikonda, shingo zikawa ndefu. Mbula alipompigia Shee simu ili kumweleza hali, simu yake ilizimika kabla hajamaliza, na umeme wa kuichaji haukuwepo. Hakujua kama alieleweka.

Siku ya kumi na sita tangu shimo, mzee Mwau hakuamka. Mutindi alipoinua godoro la babake ili kulitandika upya, alikuta chini yake mfuko wa plastiki wenye ndengu zilizochemshwa na kukauka. Pacha walisema kwamba babu huwapa zake kila siku baada ya mama yao kutoka, na kuwaambia wasiseme. Zile za chini ya godoro zilikuwa za kesho yao.

Siku tatu baadaye, watu wakiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, sauti zilisikika kutoka ng'ambo ya mto. Lori la Shee lilikuwa limefika upande wa Tawa. Simu ilikuwa imekatika, lakini alichokisikia kilimtosha. Alikuwa amekusanya kwa Waislamu wenzake, na Tseikuru nao, wale wa ndengu, walikuwa wametoa mtama wao magunia mawili walipoambiwa ni ya Tawa. Maji yalikuwa yamepungua hadi kifuani. Vijana wa pande zote mbili walifunga kamba kwenye miti, wakapitisha magunia arobaini mabegani, mmoja nyuma ya mwingine. Shee mwenyewe alivuka akiwa amefunga suruali kichwani. Mbula alimshukuru. Akamwambia kwamba mzee aliyewapa ardhi ya ikumbi amezikwa kabla lori halijafika. Shee akaomba aonyeshwe kaburi, akasimama hapo kwa dua fupi.

Siku ya mazishi Mutindi alikuwa amesema maneno ambayo watu hawakuyasahau. Mbula alikuwa amekwenda mapema, akachota maji, akapika uji wa waombolezaji, na ilipofika wakati wa kutia udongo alisogea kama wengine. Mutindi alimshika mkono ulioshika udongo.

"Baba ameuawa na njaa," alisema, bila kupaza sauti, "na chakula kilikuwa shimoni."

Mbula alifungua kiganja, udongo ukaanguka miguuni pake. Alirudi jikoni akaendelea kuosha masufuria hadi watu walipotawanyika.

Mwezi wa kwanza njia ilipofunguka, Musyoka alizipeleka zile punje zilizofungwa kwenye karatasi Kiboko, zikapimwe maabara. Jibu lilirudi baada ya majuma mawili. Sumu iliyokuwa kwenye mahindi ilizidi kiwango kinachoruhusiwa zaidi ya mara thelathini. Mwalimu Nzioka aliisoma karatasi hiyo mbele ya kamati, akairudia. Baadaye alisema anataka kumpelekea Mutindi karatasi ile leo hii, ajue ukweli. Mbula alimkataza.

"Karatasi itanisafisha mimi, Mwalimu. Yeye itamfanyia nini?"

Mwalimu aliikunja akaitia mfukoni. Lakini yeye ndiye aliyesema, kabla ya mkutano kufungwa, kwamba kamati nzima ilikosea jambo moja. Walijua kugawa chakula. Hawakujua kama kimeliwa, na kimeliwa na nani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeendelea kunyesha hadi mwezi wa kwanza, na ardhi ilikuwa na maji. Kwa kuwa magunia ya Shee yalikuwa yamewashibisha, ile mbegu ya ndengu ilikuwa bado ipo. Iligawanywa, kila nyumba fungu lake. Nyumba zote zilikuja kuchukua isipokuwa moja. Mbula alingoja siku mbili, kisha akalibeba fungu hilo mwenyewe hadi kwa Mutindi. Alimkuta akilima peke yake. Aliweka mfuko kwenye kivuli, akasema ni mbegu yao, ipandwe kabla udongo haujakauka. Mutindi hakumkaribisha nyumbani. Aliendelea kulima mstari mzima hadi mwisho, akarudi, akauchukua mfuko.

"Ulimpenda baba?" aliuliza.

Mbula alisema ndiyo.

"Na bado ulimkatalia."

"Ndiyo."

Mutindi aliutazama mfuko mkononi mwake. Akasema jembe la babake liko nyumbani, kama Mama Kiilu ana nafasi. Walipanda mbegu hiyo wawili mpaka jua likawa upande wa pili.

Kuna waliodhani kwamba familia ya Mwau itataka ardhi yao irudi, na hakuna ambaye angewalaumu. Kuta za ikumbi zilikuwa zimepasuka, na hakuna karatasi iliyosema pale ni pa nani. Mwezi wa tatu, ndengu zilipokuwa zimevunwa, Mutindi alikuja kwenye mkutano wa kamati bila kuitwa, akasema mahali pale pa chini hapafai, babake alipatoa kwa moyo lakini maji sasa yamepajua. Alisema wajenge juu, sehemu ya mawe iliyo kati ya boma lao na kaburi la babake. Musyoka alikwenda kupaangalia jioni hiyo. Alipima kwa kamba, akachora kwa mguu. Safari hii aliinua sakafu hadi kiunoni mwa mtu, na watu walibeba simiti kutoka barabarani kwa punda na kwa vichwa. Mwalimu Nzioka, mzee wa miaka sabini na mbili, alibeba nusu mfuko nusu mfuko.

Ikumbi jipya halikuwa limepakwa rangi mvua za mwezi wa nne, 2024, zilipokuja na kuwa kubwa vilevile. Drifti ilikwenda tena. Kuta za ikumbi la zamani zilianguka zote, mawe yakabingirika hadi shambani. Juu, maji yalipita pembeni. Siku ya tatu chakula kilianza kutoka, na kilitoka kwa utaratibu mpya ambao Mutindi ndiye aliyeuomba na ndiye aliyepewa kuusimamia. Mzee anayeishi peke yake, au anayeishi na watoto, hapelekewi nafaka mbichi. Anapelekewa chakula kilichopikwa, na aliyekipeleka hukaa naye mpaka amalize.

Asubuhi moja ya juma lile Mbula alikuwa akipita njia ya chini na sufuria ya chakula cha wazee, akiwa amejifunika gunia kichwani kwa mvua. Kwenye kibaraza cha bibi mmoja kipofu alimwona Mutindi amekaa kwenye kigoda na bakuli magotini. Bibi alikuwa akisema ameshiba, kilichobaki wapewe watoto wa jirani. Mutindi alimwambia kwamba watoto wa jirani wameshakula, yeye mwenyewe amewaona. Akajaza kijiko tena. Mbula alisimama kidogo barabarani. Kisha akaendelea na safari yake, kwa sababu zilikuwa zimebaki nyumba nne.